Grogan: Mlowezi aliyejenga kasri Taveta, wenyeji wakabaki bila hati

MSAFIRI atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate na Bura, akaiacha milima ya Taita mgongoni, kisha akaikabili nyika ya Maktau ambako barabara hukata ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Kwa mwendo mrefu haoni ila vichaka, udongo mwekundu na, akiwa na bahati, ndovu. Halafu mandhari hubadilika. Migomba huanza kuonekana, mashamba ya mkonge hujipanga kwa mistari, na Mlima Kilimanjaro huziba upande wa magharibi. Juu ya kilima kimoja pana jumba kubwa jeupe lisilofanana na jengo lolote lingine la eneo hilo. Wenyeji huliita Kasri la Grogan.

Aliyelijenga alikuwa mhamiaji. Neno hilo leo humkumbusha msomaji vijana wanaopigania viza ya Marekani, au familia inayoanza maisha upya Minnesota ikiwa na masanduku mawili na anwani ya binamu. Ewart Scott Grogan hakuwa mhamiaji wa namna hiyo. Hata hivyo, yeye pia aliacha kwao, akavuka bahari pamoja na mke, akatafuta mahali ambapo angekuwa mtu mkubwa kuliko alivyoweza kuwa nyumbani. Tofauti ni kwamba alipofika, sheria ilikuwa upande wake.

Grogan alizaliwa London mnamo Desemba 1874, katika familia yenye asili ya Ireland, yenye mali na watoto wengi mno. Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Alifukuzwa shuleni, akafukuzwa pia katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa utundu, na alipojaribu kusomea uchoraji hakudumu. Mnamo 1896 alikwenda kusini mwa Afrika na kupigana upande wa wazungu katika vita dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Alirudi akiwa mgonjwa, hana kazi wala cheo.

Kwa ajili ya kupona alisafiri hadi New Zealand, nyumbani kwa rafiki yake wa chuo aitwaye Watt. Huko akampenda dada ya rafiki huyo, Gertrude. Baba wa kambo wa msichana hakuvutiwa na kijana asiye na kazi, naye Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, Cape hadi Cairo.

Safari hiyo ndiyo iliyomfanya mashuhuri. Akiwa na mwenzake, Arthur Sharp, aliondoka Beira mnamo 1898, akapita Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akafika Ujiji, kisha Ziwa Kivu na milima ya volkano iliyo mpakani mwa Rwanda na Kongo. Sharp alirudi kabla ya mwisho. Grogan aliendelea na kikosi kidogo cha wapagazi hadi mabwawa ya Mto Nile, ambako njaa na homa vilikaribia kummaliza. Aliingia Cairo mwanzoni mwa 1900. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, kikiwa na utangulizi wa Cecil Rhodes, na mnamo Oktoba akamwoa Gertrude. Majina ya wapagazi waliombebea mizigo na kumwonyesha njia hayakuingia katika sifa hizo. Walikuwa wengi na baadhi yao hawakurudi makwao.

Mnamo 1904 Grogan na mkewe walifika katika nchi iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Kisumu tangu Desemba 1901, na kila mgeni aliyekwenda bara alipita Voi, akachungulia dirishani akaona nyika ambayo miaka michache tu kabla simba wa Tsavo walikuwa wakiwala vibarua wa Kihindi. Serikali ilikuwa na deni la reli hiyo na ilitaka mazao ya kuijaza mabehewa. Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba jawabu ni wazungu wenye mitaji. Sheria ya mwaka wa 1902 ilikuwa imeifanya ardhi iliyoonekana kuwa tupu kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mabango ya kuwaalika walowezi yakasambazwa.

Mambo hayo hayakuwa ya Kenya peke yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1862 iliahidi ekari 160 kwa kila familia ambayo ingekubali kulima na kukaa, na mamilioni ya maskini wa Ulaya wakavuka Atlantiki kwa tumaini hilo. Ardhi waliyopewa ilikuwa na wenyewe. Hata Wayahudi waliokuwa wakiuawa nchini Urusi waliahidiwa na Uingereza, mnamo 1903, kipande cha nyanda za juu za Uasin Gishu. Viongozi wao walikikataa mnamo 1905, na wengi wa watu wao wakaendelea kukimbilia New York. Katika enzi hiyo ya watu kuhama, mara nyingi aliyeombwa ruhusa hakuwa yule aliyekuwa akilima shamba.

Nairobi ilimfaa Grogan. Alinunua Chiromo, mahali ambapo sasa pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Pamoja na mshirika wake Mkanada, Lingham, alipata leseni kubwa ya kukata miti katika misitu ya eneo la Ravine. Kule Mombasa alijipatia ardhi ya Mbaraki, penye maji ya kina kirefu, akijua kwamba siku moja meli kubwa zingehitaji gati hapo. Baadaye aliiuzia serikali. Kinamasi kando ya Mto Nairobi kilikuwa chake pia, na barabara iliyopita hapo ikaitwa Grogan Road. Mnamo 1928 alifungua hoteli ya Torr's katikati ya jiji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ukumbi wa dansi na umbea wa walowezi.

Kuna siku moja, hata hivyo, inayomkumbusha kila Mkenya kwamba biashara haikuwa sura pekee ya mtu huyu. Mnamo Machi 1907, akiwa rais wa chama cha walowezi, aliongoza umati hadi mbele ya mahakama ya Nairobi, na hapo vijana watatu Waafrika, wavuta rikisho, wakacharazwa viboko hadharani kwa madai kwamba walikuwa wamewavunjia heshima wanawake wa kizungu waliokuwa wakiwabeba. Afisa wa mahakama aliyejaribu kuwazuia hakusikilizwa. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja na akakitumikia kwa starehe, ndani ya nyumba badala ya seli. Walowezi walimwona shujaa. Hakuna hati ya hukumu iliyoweza kuwarudishia vijana wale kile walichopoteza mbele ya umati.

Ili kuelewa alichokifanya Taveta ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwa sababu Taveta ilikuwa mahali pa wahamiaji kabla hajazaliwa.

Wataveta wenyewe ni watu waliokusanyika. Koo zao husimulia asili mbalimbali: Upare, Uchagani, Taita, Ukambani, na baadaye Wakwavi waliovunjwa nguvu na vita vya Wamaasai wenzao. Wote walikimbilia msitu mnene unaofuata Mto Lumi, maji yatokayo Kilimanjaro. Msitu huo ulikuwa ngome. Njia za kuingilia zilikuwa chache, zimezibwa kwa magogo, na aliyetoka nje alisubiri mlangoni mpaka wazee waridhie. Mgeni aliyekubaliwa alipokewa kwa taratibu za wenyeji: alifuata mila zao, vijana wake waliingia jandoni pamoja na wa pale, na mwishowe akawa Mtaveta. Alipewa mahali pa kupanda migomba na haki ya kupata maji ya mfereji kwa zamu.

Misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika hapo. Mmisionari Johann Rebmann, aliyeviona vilele vyeupe vya Kilimanjaro mnamo Mei 1848 akiwa safarini kutoka Taita, aliifungulia njia orodha ndefu ya wazungu waliofuata. Joseph Thomson alipita Taveta mnamo 1883. Mwaka uliofuata Harry Johnston akajipatia kipande cha ardhi hapo na kuandikiana mikataba na wazee. Karatasi hizo aliwakabidhi wafanyabiashara wa Uingereza, nazo zikawa miongoni mwa misingi ya kampuni iliyokuja kutawala nchi. Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana eneo hili, mstari wa mpaka ulipinda ukaiacha Taveta upande wa Uingereza na Kilimanjaro upande wa Ujerumani. Mtaveta alilala akiwa na jamaa Uchagani na Upareni, akaamka akiwa na jamaa ng'ambo.

Mpaka huo ulileta vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kwa mwaka mmoja na nusu nyika kati ya Voi na Kilimanjaro ikawa uwanja wa mapigano. Waingereza walijenga kwa haraka reli ya kutoka Voi kuelekea magharibi. Mnamo Februari 1916 walishindwa katika kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata walipigana Latema na Reata na kuirudisha Taveta. Katika vita hivyohivyo watu wa Kasigau, kusini mwa Voi, walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakang'olewa wote mnamo 1915 na kupelekwa Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi, na waliosalia walirudi baada ya miaka mingi. Uhamiaji wao haukuwa na tumaini lolote ndani yake, na ni vigumu kuona jina jingine la kuupa isipokuwa adhabu.

Grogan naye alitumika katika vita hivyo, hasa katika upelelezi na kama kiungo baina ya Waingereza na Wabelgiji. Amani iliporudi, reli ya Voi ilikuwa imeacha nyuma kitu cha thamani: ardhi ya Taveta, iliyokuwa mbali na soko, sasa ilikuwa na njia ya treni hadi Mombasa. Mtu aliyekwisha kuona mbali kule Mbaraki hakushindwa kuliona hilo.

Kati ya miaka ya 1920 na 1930 alijipatia maelfu ya ekari kati ya Taveta na Ziwa Jipe. Sheria ilikuwa imemwandalia njia. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliwawezesha walowezi kupata mikataba ya miaka 999, na mnamo 1921 Mahakama Kuu iliamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Kwa hukumu hiyo, mtu ambaye ukoo wake ulikuwa umechimba mfereji kabla ya Johnston kufika alikuwa mgeni kwenye shamba lake, na aliyeshuka kwenye gari la moshi akiwa na hati alikuwa mwenyeji.

Kazi aliyoifanya hapo haikuwa ndogo, na mtu wa haki hawezi kuificha. Alitambua kwamba nyika ile ilikuwa na njaa ya maji tu, na kwamba maji ya Kilimanjaro hupenya chini ya miamba na kuchomoza Taveta kama chemchemi zisizokauka. Alichimba mifereji ya kuyasambaza maji. Alipanda mkonge, zao linalovumilia jua, ambalo lilikwisha kustawi pia Voi na Mwatate. Alijenga kasri juu ya kilima katika miaka ya 1930, likiwa na vyumba vipana na madirisha ya kutazama mlima upande mmoja na nyika upande wa pili. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 60, wakati ambao wengi hufikiria kupumzika.

Lakini mkonge hauvunwi na madirisha. Majani yake ni marefu, yana miiba kwenye ncha, na utomvu wake huwasha ngozi. Kibarua alikata majani kwa idadi aliyopangiwa, akayafunga mafungu, akayapeleka mahali pa kuchukuliwa hadi kiwandani; huko mashine ilisaga nyama ya jani na kuacha singa, zikaanikwa kwenye nyaya mpaka zikawa nyeupe. Wataveta na Wataita wengi hawakuipenda kazi hiyo na waliifanya pale tu kodi ilipowabana. Kwa hiyo vibarua waliletwa kutoka mbali: Ukambani, nchi za magharibi mwa Kenya, Tanganyika. Walikuja na kipande shingoni, wakakaa katika kambi za shamba, wakaoa, wakazaa. Hao ndio wahamiaji ambao hakuna aliyewaandikia kitabu. Tumaini lao lilikuwa la kawaida, kutuma pesa nyumbani na siku moja kurudi, na kama kwa wahamiaji wengi, siku hiyo ilisogezwa mbele mwaka baada ya mwaka mpaka watoto wakakua bila kuijua lugha ya huko walikotoka wazazi.

Vita Vikuu vya Pili viliipa mkonge bei. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mnamo 1942, nchi za magharibi zilikosa nyuzi za kamba, zikageukia Afrika Mashariki. Wakati huohuo, kule milimani, Wataita walikuwa wamekwisha kuanza kudai ardhi yao: chama chao, Taita Hills Association, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kupigwa marufuku na serikali mnamo 1940 pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Mnamo 1948 eneo kubwa la nyika likatengwa kuwa Mbuga ya Tsavo. Mbuga upande mmoja, mashamba ya mkonge upande wa pili. Mkulima wa Taita na Taveta alibanwa katikati.

Gertrude hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mnamo 1943, baada ya ndoa ya miaka zaidi ya 40 na mwanamume ambaye sifa zake za uaminifu nyumbani hazikulingana na zile za safari ya Cairo. Pengine kwa majuto, au kwa mapenzi tu, Grogan alitoa ardhi yake Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu ya mkewe. Hospitali ya Gertrude's ilifunguliwa mnamo 1947. Ilianza kwa kuwatibu watoto wa wazungu. Leo ukumbi wake hujaa watoto wa Kenya wa kila rangi, na wazazi wengi hawajui Gertrude alikuwa nani.

Mjane huyo mzee aliendelea kupiga kelele katika Baraza la Kutunga Sheria. Vita vya Mau Mau vilipoanza mnamo 1952 alitaka adhabu kali, akionekana kuamini, miaka 45 baada ya tukio la mahakama ya Nairobi, kwamba kiboko bado ni jawabu. Hata baadhi ya walowezi wenzake walikuwa wamechoka naye. Uhuru ulipokuja mnamo Desemba 1963 alikuwa anakaribia miaka 90. Aliihama Kenya, akaenda Afrika Kusini, na huko Cape Town akafariki mnamo Agosti 16, 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Alikuwa ameishi Kenya kwa karibu miaka 60, muda mrefu kuliko wengi wa Wakenya wa wakati wake walivyoishi duniani.

Hakuacha mtoto wa kiume wa kurithi jina, na watu wa Taveta hawakurudishiwa ardhi. Mashamba yalikwenda kwa wamiliki wengine wenye hati. Nyuzi za plastiki ziliporomosha bei ya mkonge katika miaka ya 1960, kazi zikapungua, na vibarua waliokuwa wamezeeka kambini wakajikuta hawana mshahara wala mahali pa kwenda. Watoto na wajukuu wao, pamoja na Wataveta ambao koo zao zilikuwa hapo kabla ya mistari ya mpaka kuchorwa, wakawa kundi moja kwa jina la maskwota. Serikali moja baada ya nyingine imenunua au kuahidi kununua sehemu za mashamba hayo ili kuwagawia, na katika kila kampeni ya uchaguzi hati za Taveta hutajwa tena jukwaani.

Kasri lilikaa miaka mingi likiwa gofu, popo wakalala kwenye dari, kabla ya kukarabatiwa na kugeuzwa mahali pa watalii. Jijini Nairobi, Grogan Road ilibadilishwa jina kuwa Kirinyaga, na mafundi wa magari walioijaza hawana habari na kinamasi kilichokuwa hapo. Reli kutoka Voi iliacha kubeba abiria, na barabara ya lami iliyokamilika katika miaka ya 2010 ndiyo hubeba ndizi, nyanya na vitunguu kutoka soko la Taveta. Sehemu kubwa ya mazao hayo hulimwa kwa maji ya chemchemi za Njoro, yanayopita katika mifereji, na wakulima wanaoyagawana hupanga zamu zao kama walivyofanya wazee wa msituni.